Kijitabu au Programu: Kipi Kitengenezwe Kwanza?

Hotuba kwa mabaraza ya amani, komite za familia zilizohama na kilabu za wasikilizaji wa redio, Kalemie



Tunaanza kwa kuomba radhi. Katika mkutano uliopita tuliulizwa swali mbele yenu wote, nasi tukalikwepa. Mama mmoja alisimama akatukumbusha mambo ya 2018. Tukamwambia kwamba tangu hapo tumeandika kijitabu cha kufundisha vijana namna ya kutengeneza sauti kwenye kompyuta. Akatutazama, akauliza: "Kile kitabu munaandika ili mutoto ajue kazi, ao munaandika ili ninyi musilaumiwe?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka. Tulirudi ofisini na swali lile, na haya tunayowasomea leo ndiyo tuliyoyapata tulipokaa nalo.

Kwanza turudie yale ya 2018, kwa sababu wako hapa wanaoyajua nusu, na wako wanaoyajua kwa njia ya uvumi. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Vita kati ya Watwa na Wabantu, vilivyoenea sana katika jimbo letu la Tanganyika miaka ya 2016 na 2017, vilikuwa vimejaza mji huu watu waliokimbia vijiji vyao. Mabaraza yalikuwa yanaanza kuwakalisha watu pamoja. Siku moja tulirekodi watu wawili chini ya mwembe mmoja, mzee wa Kibantu na mama wa Kitwa, wakieleza jinsi kila upande unavyoona jambo la mashamba. Tuliahidi kwamba wote wawili watasikika Jumapili, katika kipindi kimoja. Jumapili ilipofika, redio ilitoa sauti ya mzee peke yake.

Siku mbili baadaye maneno yalikuwa yamefika kila mahali: sauti ya Watwa imetupwa, ofisi imechukua upande. Familia kadhaa zilizokuwa zimekubali kwenda kuona mashamba pamoja na majirani zao wa zamani zilikataa. Baraza lilihangaika kwa wiki nyingi kutuliza watu. Nasi jibu letu lilikuwa nini? Tulisema kulikuwa na "tatizo la kiufundi". Watu waliokwisha kudanganywa mara nyingi wakisikia jibu kama hilo, wanaelewa kwamba kuna kitu kinafichwa.

Hakikufichwa kitu. Kijana wetu alitengeneza sauti zote mbili vizuri. Ile ya mzee aliitoa kama faili la kusikilizwa. Ile ya mama, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na betri inakwisha, aliihifadhi tu, akaiweka kwenye flashi, akapanda pikipiki hadi redio. Walipoifungua kule, hapakuwa na sauti hata moja ndani. Kilichokuwa kwenye flashi kilikuwa ganda la yai, na yai lenyewe lilibaki kwenye kompyuta yetu.

Tueleze ilivyowezekana. Programu tunayotumia kwa montaji inaitwa Audacity. Ilianza mwaka 1999 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kwa kazi ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa kwa watu wote Mei 2000. Hailipiwi. Tena ni programu huria, maana yake maandishi yake ya ndani yako wazi, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuwagawia wengine. Kwetu tungesema ni kazi ya salongo, si ile ya kulazimishwa ambayo wazazi wetu wanaikumbuka, bali ile ya watu kuja na jembe lao kwa kupenda. Redio nyingi za jamii zinaitumia, kwa sababu hazina pesa za kununua programu nyingine, na kwa sababu kazi inafanya. Tusije tukaonekana tunaitukana. Bila hiyo, sauti zenu zisingefika hewani kabisa.

Lakini ina mitego. Mtego wa kwanza ni ule wa kuhifadhi. Ukiandika barua kwenye kompyuta, ukabonyeza kuhifadhi, barua ipo, unaweza kumpelekea mtu. Katika Audacity, ukihifadhi, unachohifadhi ni mradi, yaani kazi iliyo mezani bado, ambayo ni Audacity yenyewe tu inayoweza kuifungua. Ili upate sauti ambayo redio au simu itaisoma, ni lazima uchague amri nyingine, ya kutoa, ndipo upate WAV au MP3. Na kwetu sisi tunaotumia menyu ya Kifaransa kuna ubaya wa ziada: neno "enregistrer" kwa Kifaransa lina maana ya kurekodi, na pia lina maana ya kuhifadhi. Kijana anafundishwa kwamba "enregistrer" ni kuchukua sauti. Kesho yake anaambiwa "enregistrer" ni kuiweka. Halafu tunamwambia kwamba kuiweka huko si kuiweka kwa kweli.

Mtego wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Katika matoleo ya zamani, mradi mmoja ulikuwa vitu viwili: faili dogo lenye jina linaloishia na .aup, na folda pembeni yake, iliyojaa vipande vidogo vidogo vya sauti, kila kimoja cha sekunde chache tu. Mahojiano ya nusu saa yanakuwa vipande mamia. Faili dogo ni orodha ya namna ya kuviunganisha, na sauti yenyewe imo katika folda. Sasa mpe kijana mwenye haraka flashi: atachukua lile faili lenye jina la kazi yake, na ile folda ataiacha. Ndivyo sauti ya yule mama ilivyobaki nyuma.

Mtego wa tatu ulikuwa wa MP3. Kwa miaka mingi Audacity haikuweza kutoa MP3 peke yake. Ulipojaribu, ilikuuliza uionyeshe mahali ilipo programu nyingine ndogo iitwayo LAME, ambayo ilibidi uitafute mwenyewe kwenye intaneti. Mnajua intaneti yetu.

Basi tukaandika kijitabu. Mwanzo kilikuwa na kurasa nane. Kila kosa jipya lilipotokea, tuliongeza ukurasa, hadi zikawa thelathini na moja. Tuliweka picha za skrini na mishale. Kuhusu kuhifadhi na kutoa tuliandika kurasa tatu, kwa herufi nene, na tunaamini ni kurasa nzuri. Vijana walizisoma, walizijibu katika mtihani wa semina bila kukosea, na wiki mbili baadaye walifanya kosa lile lile.

Hapo ofisi yetu iligawanyika, na tutawaambia wazi kwa sababu hapa si mahali pa kuonyeshana sura nzuri. Nusu yetu walisema kijitabu hakijaeleweka vya kutosha: tukifupishe, tukitafsiri, turudie semina. Nusu nyingine walisema tatizo haliko kwa kijana wala kwa kijitabu, liko kwenye programu. Mwenzetu mmoja alitoa mfano wa barabara ya Nyunzu. Lori likiharibika au shimo likifunguka, dereva anakata matawi anayaweka barabarani ili wanaokuja wapunguze mwendo. Ni jambo jema. Lakini matawi yakikaa mwaka mzima, hakuna anayesema barabara imetengenezwa. Akauliza: kurasa zetu thelathini na moja, je, si matawi?

Yule mwenye mfano alituonyesha jambo jingine ambalo tulikuwa tunaliona kila siku bila kuliona. Katika matoleo yale, ulipohifadhi mradi, programu yenyewe ilifungua kidirisha cha onyo kikisema: hili si faili la sauti, ukitaka sauti ya kufunguliwa kwingine tumia amri ya kutoa. Maana yake hata watengenezaji walijua kwamba watu wanakosea hapo, na badala ya kuziba shimo waliweka tawi ndani ya programu. Na chini ya onyo palikuwa na kisanduku cha kuliambia lisionekane tena. Unaweza kukisia kila kijana alifanya nini siku ya pili.

Lakini wale wa kijitabu nao walikuwa na hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Walisema: nani ataitengeneza? Hapa ofisini hakuna anayejua kuandika programu. Watengenezaji wako mbali, wengi ni wa kujitolea, wana mambo mia ya kushughulikia, na hawajui jina la Kalemie. Mtu aliyeko kambini anataka sauti yake Jumapili hii. Utamwambia asubiri toleo lijalo?

Wote wawili walikuwa na haki, na wakati umeonyesha hivyo.

Matengenezo yalikuja kweli. La MP3 lilikuwa la kwanza. Sababu yake haikuwa uzembe wa mtu, ilikuwa sheria: namna ya kubana sauti kwa MP3 ilikuwa na hakimiliki za uvumbuzi zilizodaiwa na wenyewe. Hakimiliki hizo zilikwisha nguvu 2017, na mwaka 2019 Audacity 2.3.2 ikatoka ikiwa na LAME ndani yake tayari. Siku ile tulichana kurasa nne za kijitabu. Kurasa zile tulizipenda, tulikuwa tumezifanyia kazi sana, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuzililia.

La pili lilikuja Machi 2021, kwa toleo 3.0. Ule mtindo wa faili dogo na folda pembeni ulikwisha. Mradi ukawa faili moja tu, lenye jina linaloishia na .aup3, na sauti yote imo ndani. Kosa la 2018 haliwezi tena kutokea namna ile ile. Tulipoona hivyo tulijisikia vibaya kidogo, tukikumbuka semina ngapi tulifanya na karatasi ngapi tulichapisha juu ya folda ile.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Kompyuta zetu mbili zilikuwa mpya kidogo, zikapokea toleo la tatu. Redio moja tunayoshirikiana nayo ilikuwa na mashine ya zamani, ikabaki na toleo la pili. Toleo la pili haliwezi kufungua .aup3. Kwa hiyo dawa ya ugonjwa mmoja ilileta mwingine, na ikabidi kuandika ukurasa mpya: kabla ya kwenda, ulizeni redio wana toleo gani. Na mradi wa faili moja unakuwa mzito. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja, kwa mpangilio wa kawaida wa programu, ni zaidi ya megabaiti mia sita. Ukifanya montaji juu yake inaongezeka. Flashi nyingi za sokoni zimepangwa kwa mtindo usiokubali faili moja lipite gigabaiti nne. Kijana aliyezoea kufanyia kazi moja kwa moja kwenye flashi anakwama katikati. Tulimkanya kwa maandishi. Bado wako wanaofanya.

Katika miaka hiyo nasi tulijaribu kuitengeneza kwa mikono yetu, na hapa lazima tukiri kosa. Audacity inaruhusu kubadili vitufe. Kidole cha kila mtu aliyejifunza kompyuta kimezoea kitufe kimoja cha kuhifadhi, Ctrl pamoja na S. Tukasema: kwa nini tusiamuru kitufe hicho kitoe MP3 moja kwa moja? Kijana akibonyeza alivyozoea, sauti inatoka. Tulifurahi kama watu waliogundua moto. Kwa mwezi mmoja hakuna sauti iliyopotea. Mwezi wa pili binti mmoja wa kilabu alifanya montaji ya siku mbili ya kipindi cha wanawake wanaouza ndagala, akawa anabonyeza kitufe chake kila baada ya muda, akafunga mashine akiamini kazi yake ipo. MP3 ilikuwepo. Mradi haukuwepo. Hakuweza tena kutenganisha sauti na muziki, wala kuondoa jina moja ambalo mwenyewe aliomba liondolewe. Ilibidi aanze upya. Na vijana waliokwenda kusaidia redio nyingine walikuta kitufe kile kule kinafanya jambo tofauti, wakapoteza kazi za watu wengine. Tulikuwa tumeunda lugha yetu ya pembeni ambayo hakuna jirani anayeisema. Tukarudisha kitufe mahali pake.

Baada ya hapo ndipo tulianza kuelewa jambo ambalo tungependa wakubwa wa komite walishike, kwa sababu haliko kwenye kompyuta peke yake. Katika kijitabu chetu kulikuwa na mistari miwili tu kuhusu kosa jingine linalojulikana sana: ukisimamisha sauti kwa muda, badala ya kuizima kabisa, menyu nyingi za programu zilikuwa zinakufa, rangi yao inafifia, hazibonyezeki. Mistari miwili: "Menyu imefifia? Bonyeza kitufe cha mraba." Kosa hilo lilikwisha kwa wiki moja. Kwa nini mistari miwili ilishinda pale ambapo kurasa tatu zilishindwa? Kwa sababu menyu ikifa, kijana anaona hapo hapo kwamba amekwama, anafungua kijitabu. Lakini aliyehifadhi mradi akidhani ametoa sauti haoni kitu. Kila kitu mbele yake kinasema kazi imekwisha. Kosa lake litaonekana kesho, kwenye redio, mikononi mwa mtu mwingine, na atakayeumia ni yule mama aliyekaa karibu na redio Jumapili. Mtu asiyejua kwamba amepotea haulizi njia. Kosa la namna hiyo kijitabu hakiliwezi hata kikiandikwa na profesa. Hilo ni la kutengenezwa katika programu, na kama programu iko mbali, litengenezwe katika utaratibu wa kazi.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuombe mkutano huu. Tutalieleza taratibu kwa sababu linahusu usalama wa watu.

Oktoba 2021 Audacity 3.1 ilitoka. Mwaka ule programu ilikuwa imechukuliwa na kampuni iitwayo Muse Group, ambayo iliweka watu wa kushughulikia hasa namna mtumiaji anavyoiona na kuishika. (Wengine wenu mlisikia mwaka ule kwamba programu imeanza kupeleleza watu. Kulikuwa na mpango wa kukusanya habari za matumizi kupitia makampuni mengine, watumiaji wakalalamika, mpango ukaachwa. Mashine yetu ya montaji hata hivyo hatuiunganishi na intaneti.) Toleo lile lilileta urahisi mkubwa. Zamani, ili kupunguza mwanzo wa mahojiano, ilibidi uchague kipande na kukifuta. Sasa unashika ukingo wa sauti, unauvuta ndani, mwanzo unatoweka. Ukikosea unauvuta nje, unarudi. Vijana walijifunza kwa dakika tano bila ukurasa hata mmoja. Wale wenzetu wa upande wa matengenezo walisema: mnaona?

Kinachorudi hakijafutwa. Hilo ndilo tulilochelewa kulifikiri. Kipande ulichokivuta ndani kimefichwa tu. Bado kimo ndani ya faili la mradi. Na mahojiano yetu mengi yanaanzaje? Kwa desturi zetu mtu hawezi kusema bila kujitambulisha: mimi ni fulani, binti wa fulani, tunatoka kijiji fulani, nimekaa kwa fulani. Halafu tunamwambia, mama, jina lako tutaliondoa.

Mwaka jana tulirekodi mtu aliyeeleza mambo mazito juu ya waliomfukuza shambani kwake. Jina lilivutwa ndani, kazi ikawa safi. Redio moja iliomba mradi wenyewe badala ya MP3, ili ichanganye na sauti nyingine. Tukawapa. Kijana wa kule, kwa kucheza tu, alishika ukingo akauvuta, akasikia jina, ukoo na mahali mtu yule anapolala. Tunamshukuru, kwa sababu alikuja mwenyewe kutuambia kabla faili halijapita kwa mtu mwingine, na tukalifuta naye akiona. Mwenye sauti tulimwendea siku ile ile. Alituuliza kama alale pale au ahame. Tulikaa naye hadi usiku, baraza likaitwa, akaamua mwenyewe kuhamia kwa dada yake kwa muda. Hatutasema zaidi.

Kwa hiyo tengenezo zuri lilipunguza kurasa za kijitabu na likaongeza ukurasa mmoja ambao ni mzito kuliko zote zilizopita. Ndiyo sababu leo hatuwezi kusimama upande mmoja tu wa lile bishano la ofisi. Anayesema "tengenezeni programu, vitabu si kitu" hajakutana na jambo hili. Programu imetengenezwa kwa mwanamuziki anayetaka kurudisha alichokata. Kwa mwanamuziki hilo ni neema. Hakuna fundi wa Ulaya au Marekani aliyekaa akafikiri kwamba sekunde kumi za mwanzo zinaweza kumhamisha mtu nyumbani. Hilo tunalijua sisi, na lazima tuliandike sisi.

Tumefanya nini? Kwanza kuna kanuni moja, na tunawaomba ninyi muidai kwetu: mradi hautoki ofisini. Kinachokwenda redio ni faili lililotolewa, WAV au MP3, kwa sababu humo kinaingia kile kinachosikika tu. Redio ikitaka vipande ili ichanganye, tutawatolea kila kipande peke yake. Jina la mtu tunalifuta, hatulivuti pembeni, na wa pili anasikiliza kabla ya kutoa. Kwa ushuhuda mzito zaidi hatutegemei kubadili sauti iwe nene au nyembamba, kwa kuwa sauti iliyobadilishwa hivyo inaweza kurudishwa. Mtu mwingine anasoma maneno yale.

Kisha kuna ile pesa. Mnajua tulipewa kiasi kidogo, na mkatuuliza kama tutachapa tena kijitabu. Hatutakichapa. Kijitabu cha kurasa thelathini na moja tunakiacha, na badala yake kuna karatasi moja, pande mbili, iliyogandishwa plastiki, ya kufungwa kwenye kila mashine. Upande mmoja kuna yale ambayo mtu anaona amekwama: menyu kufifia, sauti kutosikika, umeme kukatika katikati ya kazi na programu ikauliza kama irudishe au itupe. Upande wa pili kuna yale ambayo mtu haoni: mradi si sauti, na kilichovutwa hakijafutwa. Pesa inayobaki itainua mashine ya redio ile ya zamani ili wote tuwe na toleo moja. Wengine ofisini walitaka tumlipe mtu wa kubadili programu. Tulikataa, kwa sababu tumeona kwa kitufe chetu inavyokuwa ukiwa na programu yako peke yako. Badiliko la maana ni lile linaloingia kwenye programu ya wote.

Kwa ile ya wote tumeandika pale wanapopokea malalamiko, tukieleza bila majina yaliyotupata, na kuomba kwamba mtu anapohifadhi au kunakili mradi wenye sauti iliyofichwa aambiwe waziwazi. Bado hatujapata jibu. Kuna pia njia ambayo haihitaji fundi: maneno ya menyu yanatafsiriwa na watu wa kujitolea, na neno likiwa sahihi nusu ya mtego imekwisha. Badala ya ile "enregistrer" yenye vichwa viwili, kwa Kiswahili tunaweza kusema "rekodi" kwa kuchukua sauti, "weka kazi" kwa mradi, na "toa sauti" kwa kile kinachokwenda redio. Vijana wawili wa kilabu wameanza orodha. Wanabishana sana juu ya "weka kazi"; mmoja anasema mtu atadhani ni kuweka rehani. Wazazi wenye Kiswahili kizuri, karibuni.

Yule mama aliyetuuliza yuko hapa leo. Mama, tulikwenda kutafuta kwenye mashine ile ya zamani. Folda ilikuwa bado ipo, na orodha ya vipande pia. Sauti yako ya 2018 tumeitoa jana, dakika kumi na mbili, haijaguswa. Tumeileta kwenye simu hii. Utaisikiliza kwanza wewe na jamaa yako, kisha utatuambia kama unataka isikike, au ibaki kwako.

Alhamisi asubuhi tutakuwa chini ya mwembe na kompyuta, na kila aliyerekodiwa mwaka huu anaweza kuja kusikiliza sauti yake kabla haijaondoka.